Kamba ya Maji Mafu

Jumanne moja asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya bati, Nestor Adoe alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya kibanda cha gari, akikwangua rangi kwenye ubao. Ubao ulikuwa mrefu kumpita yeye, mzito kama mtu aliyelala. Rangi ya juu ilikuwa nyeupe, chini yake kijani, chini ya kijani nyeupe nyingine, na chini kabisa nyekundu iliyong'ang'ania kama damu kwenye kitambaa. Kila aliposukuma bapa la chuma, rangi ilijikunja ikamdondokea miguuni. Kuku walikuja wakaidonoa, wakaitema, wakaja tena, maana kuku hana kumbukumbu.

Alikuwa anamtengenezea mkewe, Kiyomi, kifuniko cha tangi la samaki.

Tangi lenyewe lilikuwa la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limewekwa sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Binti yao Loreta ndiye aliyeliacha alipohamia Perth. Kiyomi hakutaka samaki wa dukani wenye rangi za peremende. Alikwenda mwenyewe na wavu kwenye kijito cha mikoko, akarudi na samaki watema maji. Samaki hao hukaa karibu na uso wa maji, na wakimwona mdudu ukutani humlenga kwa tone, mdudu akaanguka, wakamla. Wana shabaha. Walikwisha kuwaangusha mijusi wote wa sebule ile, walimlenga padre kwenye miwani alipokuja kubariki nyumba, na balbu ya kifuniko cha zamani, kile cha plastiki, waliitemea ikiwa ya moto ikapasuka. Mmoja wao aliruka nje, akakutwa nyuma ya friji amekauka kama biskuti.

Basi Kiyomi akasema anataka kifuniko cha mbao, kirefu kwenda juu, taa ikae mbali na vinywa vyao, na ndani kizibwe maji yasipenye hata wakitema mwaka mzima. Nestor akasema haya. Alikuwa fundi mabomba hadi alipostaafu, na habari ya maji kupita au kutopita hakuhitaji kufundishwa.

Ubao aliutoa kwenye Evelina. Evelina ilikuwa chombo cha kuvulia lulu, na sasa ililala ubavu kwenye matope ya mikoko, na mji wa Broome ulikuwa ukiila kidogo kidogo. Hakuna nyumba ya wenyeji isiyokuwa na kipande chake: huyu benchi, yule mlango wa banda la kuku, mwingine kizingiti. Mbao za vyombo vya lulu haziozi, na anayezichukua haulizwi. Nestor aling'oa ukingo wa juu, pale mabaharia wanapoegemea, kwa sababu ndipo palipokuwa pazima. Aliporudi nao juu ya gari, Kiyomi alitoka barazani, akautazama kutoka ncha hadi ncha, akamwambia aoshe matope kabla hajauingiza uani.

Wote wawili walijua Evelina ilikuwa nini kwao. Ndicho chombo alichofia Tokuji Hamano, mzamiaji kutoka Japani, baba yake Kiyomi. Na ndicho chombo ambacho Markus Adoe wa Kupang, baba yake Nestor, alikuwa mshika kamba.

Kazi ya mshika kamba ilikuwa hivi. Mzamiaji alishuka na kofia yake ya shaba, akatembea chini ya bahari akiokota chaza. Mpira wa kumletea pumzi ulimfuata, na kamba ilimfuata. Juu ukingoni alisimama mtu mmoja aliyeishika kamba ile, macho majini, na hakufanya jambo jingine. Mzamiaji hana mdomo kule chini. Akivuta kamba, ndiyo maneno yake. Akivuta mara nyingi kwa haraka, maana yake nipandishe. Mshika kamba akivuta mara moja kwa urefu, maana yake niko hapa, subiri. Kamba ikilegea, watu wawili wamekwisha.

Siku ile Tokuji hakupanda. Nahodha Strode aliwaambia wakubwa wa mji kwamba Markus alisinzia, kamba ikamponyoka, mkondo ukamchukua mzamiaji. Injinia wake akasema hivyo hivyo. Markus aliulizwa mara moja tu. Alijibu, "Sikulala. Kamba iliisha mkononi." Jibu hilo likaonekana si jibu.

Tangu siku hiyo watu walimwita Usingizi. Hakupanda chombo tena, alifua mashuka ya hospitali mpaka akazeeka. Nyumbani alilala na uzi, ncha moja kwenye kifundo cha mkono wake, nyingine kwenye mguu wa kuku uani. Kuku akijikuna tu, Markus alikuwa amekwisha kukaa kitandani macho wazi. Miaka yote ile hakuna mwizi aliyethubutu mtaa ule. Hata hivyo jina halikubadilika, na Nestor alikua akiitwa mtoto wa Usingizi.

Tokuji alikuwa ameacha mwanamke, Agnes, mtu wa pwani ya kaskazini, na mimba. Hawakuoana, kwa kuwa serikali ya wakati ule haikutoa ruhusa mwanamke mweusi wa nchi ile aolewe na Mjapani. Mimba ile ndiyo Kiyomi. Hakumwona baba yake, wala picha yake haikuwapo. Alipokua akampenda mtoto wa Usingizi. Mapenzi hayana macho, na kama yanayo, huyafumba. Siku ya harusi Agnes alikaa kwenye gari nje ya kanisa, vioo vimepandishwa, joto la Desemba, hadi ibada ikaisha.

Ndani ya nyumba habari ya kifo kile haikutajwa kamwe. Ila kila Agosti Kiyomi alikwenda kwenye makaburi ya Wajapani kuliosha jiwe la baba yake, jiwe lisilo na mtu chini yake, na Nestor alimbebea ndoo. Alimbebea hadi langoni. Hapo Kiyomi aliipokea, na Nestor akasubiri nje, kofia mkononi, mpaka amalize. Hakuna aliyemwambia asiingie. Hakuna aliyemwambia aingie.

Sasa rangi zote zilipokwisha kutoka, mbao nyekundu ya jara, mti mgumu wa nchi ile, ikaonekana, na katikati yake palikuwa na mfuo uliosuguliwa na kamba kwa miaka, laini kama mdomo wa kikombe. Karibu na mfuo palikuwa na tundu la mviringo. Na kukatisha mfuo huo kulikuwa na chanjo, alama ya kukatwa, nyembamba, iliyonyooka, ya kina cha pingili ya kidole. Nestor alipitisha ukucha. Aliona ni jeraha la mtu aliyekuwa akipasua kuni kwenye mzoga wa chombo. Akachanganya puti akaliziba, akapiga msasa.

Alikata, akaranda, akaunga pembe kwa gundi na skrubu za shaba. Kipande chenye mfuo alikiweka juu, maana tundu lake lilifaa kupitisha mpira mdogo wa pampu ya hewa ya samaki. Ndani alipaka gundi ya boti, ile ya kuchanganya makopo mawili, tabaka moja, akaacha ikauke, akapiga msasa, akapaka tena. Pembeni akavuta silikoni kwa kidole kilicholowekwa sabuni. Kibanda cha gari kikanuka siki, na majirani wakauliza nani anatengeneza achari.

Kisha alikijaribu kama fundi anavyojaribu. Alikipindua juu chini kwenye vibao viwili, akaziba tundu kwa mpira, akakijaza maji ya bomba kama beseni, akaketi kutazama.

Pembe hazikuvuja. Tundu halikuvuja. Ilivuja ile chanjo. Puti ilikuwa imetoka yote imelala chini kama kipande cha jibini, na maji yalikuwa yakidondoka taratibu. Nestor akakausha, akaziba kwa gundi ya boti na unga wa mbao. Kesho yake gundi imelala chini. Akaziba kwa silikoni. Silikoni ikatoka nzima kama mnyoo.

Darsi, binamu yake Kiyomi, alikuwa amekuja kunywa chai na kumkosoa mtu, kazi mbili alizozifanya kila siku.

"Shemeji," alisema, "umeziba mabomba ya mji mzima miaka thelathini, leo ubao mmoja unakukojolea?"

"Ungekuwa wako ungekuwa umekwisha kuutia moto."

"Wangu? Mimi ningenunua cha dukani nikalala. Ah, lakini kwenu kulala ni mwiko."

Kiyomi, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu mlangoni, alimwambia Darsi chai yake imekwisha. Darsi akatazama kikombe, kweli kilikuwa kitupu, akaondoka.

Kiyomi akashuka, akakinga tone la maji yale kwa kidole, akaonja.

"Umetia chumvi?"

"Maji ya bomba hayo."

"Basi hapo yanapotoka si ya bomba." Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nestor alionja naye. Yalikuwa maji ya bahari, baridi, ya kina kirefu. Akafikiri kwamba chanjo iko juu ya kifuniko, samaki hawatafika kuitemea, na kwa kuwa tangi la kijito cha mikoko lina chumvi yake, tone moja mawili hayatamdhuru mtu. Akapaka vanishi nje, akaiacha chanjo wazi, akakibeba ndani.

Kilikaa vizuri. Taa iliwaka juu, pampu ikanguruma chini ya meza, mpira mwembamba ukashuka kupitia tundu na kutoa vipovu. Samaki walitema wakaona taa iko mbali, wakaacha. Kiyomi alisimama mbele ya tangi mikono kiunoni, akasema kimetulia. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa. Jioni ile alimkaangia Nestor nyama ya chaza.

Bamvua la maji makubwa likapita, yakaja maji mafu. Maji mafu ndiyo siku za wazamiaji. Bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu, matope hukaa chini, mtu akaona mbele yake. Asubuhi ya kwanza ya maji mafu Kiyomi aliingia sebuleni na ufagio, akakuta kamba.

Ilitoka kwenye lile tundu, sambamba na mpira wa pampu. Juu ya kifuniko ilipita kwenye mfuo, na iliyobaki ilikuwa imekunjwa duara juu ya zulia, imelowa. Kamba ya manila, nene kama kidole gumba. Chini ilizama moja kwa moja kwenye maji ya tangi, ikaingia katika changarawe, ikaendelea. Samaki walikuwa wakiizunguka kama wanavyozunguka mzizi wa mkoko.

Kiyomi alimwita mumewe. Nestor alikuja na povu la kunyolea shavuni.

"Imelegea," alisema Kiyomi. "Usiiache imelegea."

Nestor akaishika. Akavuta ule ulegevu hadi akasikia uzito, mbali sana, kama unavyosikia mtu amekaa upande wa pili wa kitanda. Akasimama hivyo. Kiyomi alimfuta povu, akamletea kiti, lakini mshika kamba hakai, na Nestor hakukaa. Baba yake alikuwa amemfundisha maneno yote ya kamba barazani, akiwa mtoto, kwa uzi. Wakati ule Nestor aliona ni mchezo wa mzee asiye na kazi.

Karibu na saa tano kamba ilitembea. Ilisogea kidogo kuelekea jikoni, ikasimama, ikasogea.

"Anatembea," alisema Nestor.

"Anatafuta chaza," alisema Kiyomi. Aliuweka ufagio ukutani.

Saa sita ikaja mivuto ya haraka. Nestor akajibu kwa mvuto mmoja mrefu, kisha akaanza kupandisha. Kamba ilikuja pima kwa pima, ikijikunja juu ya zulia, na maji yakafika hadi chini ya kabati la vyombo. Kiyomi alipiga magoti mbele ya kioo. Changarawe ilianza kutetemeka. Ikafunguka, na katikati yake kikachomoza kitu cha duara kinachong'aa, kidogo kama chungwa. Ilikuwa kofia ya shaba. Kilikuja kichwa, kikaja kile kidirisha cha mbele, na nyuma ya kidirisha palikuwa na ukungu wa pumzi. Kiyomi aliweka kiganja kwenye kioo. Ukungu ulianza kufutika.

Hapo zikasikika buti juu ya kifuniko. Hatua nzito, za kisigino, kutoka ncha moja ya ubao hadi kwenye mfuo. Nestor alikuwa akitazama maji, maana mshika kamba hutazama maji, lakini Kiyomi aliinua macho. Hapakuwa na mtu. Kitu kikapiga, ta, kwenye chanjo. Kikapiga tena, ta.

Kamba ikawa nyepesi mikononi mwa Nestor. Ncha yake ilikuwa imekatika sawasawa, nyuzi zote urefu mmoja. Nusu ya chini iliteremka ikapotea. Mpira wa pampu ulikuwa umekatwa vilevile, vipovu vimekoma. Kofia ya shaba ilizama kwenye changarawe, na changarawe ikajifunga, na samaki mmoja akaja kutazama kama kuna cha kula.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kochi.

"Iliisha mkononi," alisema Nestor.

"Nimeona."

"Ndivyo alivyosema."

"Nimeona, Nestor." Kiyomi alikuwa bado amepiga magoti. "Nani alivaa buti kwenye Evelina?"

Nestor hakuwa na haja ya kufikiri. Wazamiaji, washika kamba, wapishi, wote walikwenda peku kwenye sitaha ile. Buti alivaa nahodha peke yake.

"Baba yako hakulala," alisema Kiyomi. Akainuka, akaleta matambara, wakakausha sakafu pamoja.

Agosti ilikuwa imebaki wiki chache. Ilipofika, walikwenda makaburini kama kila mwaka. Langoni Nestor alisimama akanyoosha mkono kumpa ndoo. Kiyomi hakuipokea. Alikwisha kupita lango, akasema bila kugeuka, "Ilete huku. Mgongo unaniuma." Mgongo wake haukuwahi kuuma. Nestor akaingia, akasugua jiwe upande mmoja, Kiyomi upande wa pili, wakalimwagia bia kidogo, wakamwekea marehemu wali na samaki. Agnes alikuwa amekufa zamani, na Markus pia, kwa hiyo hapakuwa na wa kuambiwa.

Lakini walikuwapo walio hai. Kule bustani ya gati kulikuwa na ubao wa shaba wenye majina ya wazamiaji, na chini ya jina la Tokuji Hamano iliandikwa kwamba alipotea kwa uzembe wa mshika kamba wake. Ubao ule uliwekwa na familia ya Strode, na mwenye kauli juu yake alikuwa Kolin Strode, mwana wa nahodha, aliyekuwa na duka la lulu na kiti kwenye kamati ya makumbusho. Nestor alikwenda kumwalika. Hakusema mengi, alimwambia tu aje asubuhi ya maji mafu anywe chai.

Kolin Strode alikuja. Ni mtu mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, akamsifu Kiyomi kwa keki, akaketi mahali palipokauka. Kamba ilikuwapo tayari, na Nestor ameishika. Strode aliitazama akasema manila nzuri kama ile haipatikani siku hizi. Ikaja mivuto ya haraka, Nestor akapandisha. Kofia ya shaba ikachomoza, ukungu ukaanza kufutika, buti zikapita juu ya kifuniko. Strode aliweka kikombe chini kusikiliza.

"Ndiyo," alisema. "Ni baba. Alikuwa anakanyagia kisigino. Hata nyumbani tulikuwa tunamsikia hivyo."

Ta. Na tena, ta.

Strode aliinuka, akaomba ruhusa, akatia kidole kwenye chanjo. Kilikuwa kimelowa. Akasema baba yake alipenda shoka lake liwe kali. Akaeleza, kwa upole, kwamba siku ile nanga ilikuwa inaburuta kuelekea mwambani, mkondo unageuka, na juu ya chombo kulikuwa na watu wengine na shehena ya chaza ya msimu mzima. Nahodha huchagua. Haya aliyajua tangu utoto, yalizungumzwa mezani kwao.

Nestor alimwomba basi yale maneno ya kwenye shaba yaondolewe.

"Bwana Adoe, shaba ni shaba," alisema Strode. "Ikishaandikwa, huwezi kufuta bila kuyeyusha ubao mzima, na humo kuna majina ya watu wengine. Tena si haki kumsema mtu ambaye hayupo kujitetea."

"Yupo," alisema Kiyomi. "Umemsikia sasa hivi."

Strode alikubali kwa kichwa. Alimaliza chai yake, akawaalika wote wawili kwenye sherehe ya lulu, wakae viti vya mbele, akavaa viatu. Wiki ile walimwona kijana wa kamati akiusugua ubao wa shaba kwa kitambaa na dawa, na maneno yakang'aa hata mtu wa mbali akaweza kuyasoma.

Darsi alipopata habari alikuja mwenyewe, bila mzaha, akakaa karibu na tangi. Akasema alimwita mzee Markus Usingizi tangu akiwa na meno ya utoto. Nestor akamwambia wengi walimwita. Darsi akasema ndiyo, lakini yeye ndiye aliyemtungia wimbo wa kumcheka. Akauliza kama kuna zamu ya kushika kamba wakienda kanisani. Kiyomi akamwambia ipo, ila avue saa yake ya mkononi isije ikalowa.

Sasa ikabaki shauri moja, na shauri hilo lilikuwa la Kiyomi.

Kila maji mafu Nestor alipandisha, na kila mara kofia ilichomoza, ukungu ukafutika zaidi kidogo. Mara moja Kiyomi aliona kidevu. Mara nyingine aliona mdomo, umefumbwa, mdomo wa mtu anayehesabu. Alijua ikiendelea hivyo siku moja ataona macho. Na kila mara, kabla hajayafikia, buti zilipita, na baba yake akakatwa akazama mbele yake, na Nestor akabaki na ncha mkononi, na mpira wa pampu ukabidi ununuliwe mwingine. Waliwahi kukikokota kifuniko upande mmoja kupisha buti, zilipita hewani. Nestor aliwahi kuweka mkono wake juu ya chanjo. Kiyomi akauondoa, akasema mikono ya watu wa ukoo huo imekwisha kuumizwa vya kutosha.

Asubuhi moja ya maji mafu alimwomba mumewe amfundishe maneno ya kamba. Nestor alimfundisha. Hayakuwa mengi. Kiyomi alivua viatu, akasimama mahali pa mshika kamba, akaichukua kamba mkononi mwake kwa mara ya kwanza. Akasema ilikuwa baridi.

"Buti huja tunapompandisha tu," alisema.

"Hivyo ndivyo."

"Tusipompandisha haziji."

Nestor alifikiri. "Lakini yeye atakuwa anaomba kupandishwa."

"Ataomba," alisema Kiyomi.

Nestor alikwenda jikoni kuchemsha maji ya chai, akauacha mlango wazi. Kamba ilisogea, ikasimama, ikasogea. Samaki walikuwa wametulia juu, vinywa vikigusa uso wa maji. Saa sita ikaja mivuto ya haraka, mmoja baada ya mwingine, wazi kabisa, hakuna ambaye angeikosea. Kiyomi aliitazama changarawe. Mkono wake ulikaza, na Nestor alimwona kutoka jikoni jinsi bega lake lilivyotaka kwenda nyuma na jinsi alivyolirudisha.

Akavuta mara moja, kwa urefu. Niko hapa. Subiri.

Mzamiaji humtii mshika kamba wake, kwa kuwa hana mwingine. Kamba ilitulia kidogo, kama mtu anayetafakari alichoambiwa. Kisha ikaanza kwenda polepole upande wa dirishani, kwa hatua za mtu anayetembea chini ya bahari akiendelea kumwokotea Strode chaza.